Basoko: Chevrolet ya muzee haiuzwi kwa kilo

Watu wa mitrai walifika asubuhi na mizani yao ya kutundika, ile yenye ndoana, ambayo wanapimia nayo sufuria zilizotoboka na vipande vya mabati. Mama mwenye nyumba aliwaangalia kwanza, akawauliza: «Mizani yenu inapima mpaka kilo ngapi?» Wakajibu: mia moja. «Basi rudini,» akasema, «haitoshi.»

Tulicheka. Lakini wale vijana hawakurudi. Walikaa kwenye benchi, wakaeleza kwamba wataikata gari vipande vipande kwa burini na nyundo, watapima kipande kimoja kimoja, na watalipa franka 500 kwa kilo, pesa mukononi, leo leo. Watoto wa mama wakaanza kuhesabu. Gari bila mota na bila sanduku la nyuma, tuseme kilo 900. Inafanya franka 450 000. Ndani ya nyumba ile kulikuwa mutoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya minervale. Mujue basi kwamba hesabu haikuwa ya muchezo.

Mimi si mutu wa Basoko. Nilishuka kule na balenyeri kutoka Kisangani, karibu kilomita 200 za mto, kwa kazi ya sendika. Wachimbaji wa dhahabu wa Aruwimi walikuwa wameomba mutu wa kuja kuzungumza nao juu ya koperative. Wanaojua Basoko wanajua: mji uko pale pale Aruwimi inapoingia katika mto Kongo, na ng'ambo unaona upande wa Lokutu, kwenye mashamba ya mawese yaliyoanzishwa na Lever tangu 1911. Barabara ni mto. Gari kule si nyingi. Kwa hiyo kijana mmoja aliponiambia jioni, «Mukubwa, kwetu kuna gari ya mine, kuja uone,» nilifikiri nitaona Toyota iliyochoka.

Kumbe ni Chevrolet.

Iko chini ya muti wa safu, nyuma ya jikoni. Kuku wanataga ndani yake. Kapo ni ya mviringo kama mugongo wa kiboko, mbele kuna vyuma vitano vilivyolala kimoja juu ya kingine, na taa zimeingia ndani ya mabega. Kioo cha mbele ni vipande viwili, katikati kuna fito la chuma. Sanduku la nyuma lilikuwa na mbao. Mbao ziliisha zamani, chungu wamekula. Ukikwangua kutu kwa ukucha, chini bado kuna kijani, ile kijani ya msitu ambayo kiwanda kilikuwa kinapaka kwa kawaida miaka ile.

Nilikaa na gari ile muda murefu kuliko nilivyokaa na koperative, naomba wandugu wanisamehe. Tangu utoto napenda mota. Na aina hii ina jambo moja zuri: inasema umri wake yenyewe, hata kama karatasi zimepotea. Chevrolet iliitoa katikati ya mwaka wa 1947, ikaipa jina Advance-Design, na ikaendelea kuiunda hadi mwanzo wa 1955. Kwa macho ni gari moja, lakini kila mwaka kulibadilishwa kitu. Ile ya Basoko, mudomo wa kutilia esansi uko kwenye kabini, nyuma ya mulango wa kuume. Maana yake tanki liko ndani, nyuma ya kiti. Tanki liliingia mule mwaka wa 1949. Mbele ya hapo lilikuwa chini ya sanduku. Tena milango yake haina kile kioo kidogo cha pembeni cha kuingiza hewa, na kioo kile kilikuja mwaka wa 1951. Basi ni gari ya 1949 ao ya 1950. Mukono wa mulango unazungushwa kwenda chini, hausukumwi kwa kidole kama zile zilizofuata.

Kisha kuna kibao. Kwenye nguzo ya mulango wa shofere kiwanda kiliweka kibao kidogo cha chuma chenye namba. Kwa gari zilizotoka Marekani, tarakimu ya kwanza inasema kiwanda: 1 ni Flint, 3 ni Saint Louis, 14 ni Baltimore. Herufi zinazofuata zinasema mwaka na uzito: GP ni kamioneti ndogo ya 1949, HP ni ya 1950. Kisha herufi ya mwezi, A kwa Januari, B kwa Februari, hivyo hivyo. Si gari zote za Kongo zilitoka huko moja kwa moja. General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Antwerpen, Ubelgiji, tangu miaka ya 1920, na kutoka bandari ile ile meli zilikuwa zinakuja Matadi. Nilitafuta kibao. Nilikuta matundu mawili ya skuruvu.

«Kibao iko,» mama akasema. «Iko mu nyumba.» Akaingia, akatoka na kopo la maziwa ya unga, la zamani sana. Ndani mulikuwa kibao kimefungwa katika kitambaa, permi ya muzee wake, na barua moja iliyokunjwa mara nne.

Barua ile njo sababu ninaandika.

Marehemu muzee alikuwa shofere katika kampuni moja ya dhahabu. Jina la kampuni nitaliacha; wanaofanya kazi huko leo si wale wa wakati ule. Aliingia kazini mwaka wa 1958, akatoka 1986. Miaka 28. Alipotoka, sanduku la kampuni lilikuwa tupu. Wakamwandikia barua: kwa kuwa dekonti finale haiwezi kulipwa kwa pesa, kampuni inamwachia kamioneti fulani, namba fulani, katika hali iliyomo. Sahihi, muhuri. Gari ilikuwa na umri wa miaka 36 hivi siku ile. Muzee aliiendesha mwenyewe hadi Kisangani, akaipandisha kwenye meli ya mto, akashuka nayo Basoko. Kwa miaka minne ilibeba muchele na ngazi za mawese. Kisha biele zikafa, pine zikakosekana, ikasimama chini ya safu. Yeye alikufa 1997, mwaka ule ambao Kisangani iliangukia AFDL mwezi wa tatu.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Franka 450 000 ukigawanya kwa miaka 28, unapata karibu franka 16 000 kwa mwaka mmoja wa kazi ya shofere. Mama hakugawanya kwa kalamu, lakini aligawanya.

Tena niseme wazi, kwa vijana wanaoingia kazini: kulipa dekonti kwa gari kuukuu halikuwa jambo la haki hata siku ile. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kimataifa la Kazi, la Genève, unasema mushahara unaolipwa kwa pesa ulipwe kwa pesa halali ya inchi, si kwa karatasi za ahadi. Mkataba ule ulipitishwa mwaka wa 1949, labda gari yenyewe ilikuwa bado kiwandani. Kanuni yetu ya kazi ya 2002 nayo inataka mushahara utolewe kwa pesa. Lakini muzee angeenda kulia wapi? Tangu 1967 sendika ilikuwa moja tu katika inchi nzima, ile ya chama, hadi ukaja wakati wa vyama vingi mwaka wa 1990. Alichukua alichopewa.

Sasa tuone upande wa pili wa bahari.

Kule Marekani kuna watu wanaotafuta gari hizi kama sisi tunavyotafuta mushipa wa dhahabu. Ilipokuwa mupya, kamioneti ndogo ya Chevrolet, ile wanaita 3100, ilikuwa inapita kidogo dola elfu moja. Ilikuwa gari ya mulimaji na ya fundi wa mabomba. Hakuna mutu aliyeinunua kwa kujionyesha. Leo ile iliyotengenezwa vizuri inauzwa dola 30 000, 40 000, na zaidi. Kuna minada mikubwa kama Barrett-Jackson ya Scottsdale, Arizona, ambako zinapita jukwaani chini ya taa, zimesuguliwa mpaka unaweza kujichania nywele mbele ya kapo. Wenye nazo hawabebi tena hata gunia moja. Wanazipeleka kwa maonyesho siku ya yenga. Na tusifikiri ni wazimu wa wazungu peke yao: Nairobi, tangu 1970, kuna mashindano ya gari za zamani, Concours d'Elegance, na waamuzi wanapita na kupekua mpaka chini ya shasi.

Watoto wa mama waliposikia dola 30 000, mikono ilishikwa vichwani. Mimi nikawa na kazi ya kuwatuliza, na kazi ile haikuwa nyepesi. Kwa kuwa ile bei si ya chuma. Chuma ni chuma. Kwa chuma tu, mutu wa mitrai hakusema uongo mukubwa. Ile bei ni kazi ya mikono.

Kutengeneza gari kama ile tangu mwanzo kunakula masaa elfu moja ya kazi, na mara nyingi zaidi. Kwanza wanaifungua yote, bulo kwa bulo. Kila kipande kinapigwa picha na kutiwa katika mufuko wenye jina lake. Mutu asiyeandika hapa atalia baadaye. Kabini inaondolewa juu ya shasi. Kutu inatolewa kwa muchanga unaopulizwa na hewa ya nguvu, ao kwa kulaza kipande ndani ya maji ya soda na umeme wa bateri. Pembe za chini za kabini karibu zote zimeoza, pamoja na sakafu na vikanyagio. Zinakatwa, zinachomewa mabati mapya. Waya za umeme zinabadilishwa zote. Gari hizi zilikuwa za volti 6. Kisha kurekebisha milango ili ifunge kwa sauti moja, na hapo fundi anaweza kumaliza juma nzima. Rangi ni ya mwisho. Mbao za sanduku nazo: gari ya 1949 ina mbao tisa, baada ya nusu ya 1951 wakaweka nane, na munuaji anayejua ataziinamia kuzihesabu.

Mota yenyewe ni ya silinda 6 zilizopangwa mustari, litre 3 na nusu, nguvu ya farasi 90 hivi. Hapa naomba wachimbaji wa bati wasikilize. Biele za mota ile hazina kusine ya kununua dukani ambayo unatoa na kuweka nyingine. Metali nyeupe inayeyushwa na kumiminwa ndani ya biele, kisha inachongwa. Na ndani ya metali ile muna bati. Wakati wa vita ya pili, Wajapani walipochukua Malaya mwaka wa 1942, bati ya Kongo, ya Maniema na Kivu, ikawa mali kubwa kwa Wamarekani na Waingereza. Siwezi kusema punje gani iliingia katika mota gani. Lakini nilipoweka kidole kwenye biele iliyolala kando ya muti, nilifikiri juu ya wazee wa Kalima.

Metali ile haipendi kosa. Chini ya kila biele kuna kijiko kidogo kinachochota mafuta na kuyarusha. Mafuta yakipungua, ao shofere akikimbiza gari sana, metali inayeyuka na mota inaanza kugonga. Wazee wa barabara wanajua ule mugongo: ka-ka-ka, na bado uko kilomita 60 mbali na kijiji.

Niliporudi Kisangani nilimtafuta muzee mmoja makanisie wa Mangobo, aliyejifunza kazi katika gareji za Wagiriki kabla ya uhuru. Nilimweleza namna Wamarekani wanavyofanya, mifuko, picha, masaa elfu moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Wanaita vile restaurer?» Nikasema ndiyo. «Sisi tulikuwa tunaita: gari itoke kesho.»

Akanieleza. Biele ikiyeyuka katikati ya pori, unatoa karteri, unafungua biele ile, unakata kipande cha mukaba wako wa ngozi, unakiloweka mafuta, unakifunga pahali pa metali. Unaenda polepole, unafika. Joini zilikatwa katika karton ya sabuni. Lame za resori zilitoka kwa kamio ya aina nyingine, zikakatwa urefu. Shambere ya pine ilipopasuka mbele ya kushonwa tena, walijaza pine majani makavu. Wakati wa uasi wa 1964, Simba wakichukua gari, shofere alikuwa anaficha kidole cha delko mufukoni, na gari haikutembea. Baada ya zairianisation ya mwisho wa 1973, piyesi hazikuja tena, basi gari tatu zikaliwa ili moja iishi.

Neno delko, tukiwa hapa, ni la kuchekesha. Kila makanisie wa Kongo, kutoka Kisangani mpaka Lubumbashi, anasema delko kwa kile kifaa kinachogawa moto kwa buji. Ni jina la kampuni: Dayton Engineering Laboratories Company, ya mji wa Dayton, Ohio, ambayo baadaye iliingia ndani ya General Motors. Kwa hiyo hata mutoto wa gareji anayetengeneza Toyota anataja Chevrolet bila kujua.

Ninachotaka kusema ni hiki. Gari ya Marekani inapata bei kwa sababu kila saa ya kazi iliyoingia ndani yake imeandikwa. Kuna kitabu, picha, bili. Munuaji anafungua kitabu na kuona: biele zilimiminwa na fulani, tarehe fulani. Gari ya Basoko ilipata masaa mengi kuliko yale, kwa miaka 36 ya mine na minne ya mawese, mikononi mwa watu waliotengeneza bila piyesi, na hakuna hata ukurasa mumoja. Ukimuuliza mama ni nani alibadilisha lame za nyuma, anasema: «Ni yeye na rafiki wake.» Rafiki gani? «Alikufa.» Mawe yetu yanaondoka hivyo pia. Mutu wa shimo anauza kwa gramu bila karatasi, karatasi inaanza kwa muchuuzi, na bei nzuri inaanza pale karatasi inapoanza.

Na watu wa Flint, walioiunda? Wao walikuwa wameandika yao. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors kule Flint, Michigan, walikalia viwanda, wakalala ndani, wakakataa kutoka. Tarehe 1 Februari 1937 wakachukua na kiwanda cha Chevrolet namba 4, kile cha mota. Tarehe 11 Februari kampuni ikakubali kuzungumza na sendika yao, UAW. Vita ilipoisha wakagoma tena, siku 113, kutoka Novemba 1945 hadi Machi 1946. Basi mutu aliyefunga bulo za gari ya 1949 alikuwa na kadi ya sendika mufukoni. Aliyeiendesha huku hakuwa nayo hivyo. Kwetu, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma Elisabethville, Desemba 1941, askari waliwapiga risasi uwanjani, na karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akauawa pamoja na makumi ya wengine. Ni mwaka wa 1946 tu Wabelgiji walifungua mulango mudogo kwa sendika za weusi, chini ya macho ya serikali. Gari ni moja, bulo ni zile zile.

Turudi chini ya safu.

Niliwaambia watoto ukweli kama ninavyouona. Kutoa gari Basoko mpaka Kinshasa kwa mto, kisha Matadi, kisha bahari, kutakula pesa kuliko gari inavyostahili ilivyo leo. Mota haiko nzima: bloki iko, kichwa cha silinda kilipotea. Hakuna mutu wa Arizona atakayepanda balenyeri kuja kuitazama. Kama kuna munuaji, atakuwa mutu wa Kinshasa ao wa Kampala, na atasema dola mia chache. Anayewaambia vingine anataka kuwala.

Juu ya kibao nilisema kwa nguvu zaidi, kwa sababu kijana wa pili alikuwa amekwisha kupata simu ya mutu anayetaka kibao peke yake, na barua. Kibao na barua, bila gari! Namna ile inajulikana. Mutu ana kabini nyingine iliyojengwa juu ya mabaki, anapigilia kibao cha kweli, na sasa ana «gari ya kweli» yenye historia. Aliyeuza kibao anapata bei ya kuku wawili, halafu gari yake chini ya muti inakuwa bila jina. Wachimbaji wanalijua vizuri jambo hili: ni lebo ya shimo moja inayofungwa kwenye gunia la shimo lingine.

«Na ile barua?» mama akauliza. «Bado ina nguvu?»

Swali lile lilinichoma. Kudai tena dekonti ya 1986, muda wake ulipita zamani, na sikutaka kumudanganya. Lakini barua ile inataja tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na ina muhuri. Mama hakupata hata siku moja malipo ya mujane, kwa sababu kila mara alipoenda waliambiana kwamba dosye ya bwana wake haionekani. Nilimwambia kwamba kwa sanduku la jamii, CNSS, ile zamani tulikuwa tunaita INSS, karatasi ya namna ile ni mwanzo wa dosye. Si ushindi, ni mwanzo. Tuliipiga picha kwa simu tatu tofauti, na kibao, na permi. Nilinakili namba zote katika daftari, mbele ya watoto wote wane, na kila mumoja alitia sahihi.

Kisha mama akageuka kwa watu wa mitrai, ambao walikuwa wanangoja bado, maskini, jua limekuwa kali. Akawapa vipande vilivyokuwa vimelala chini: ekzosti iliyooza, mikono miwili ya parashoki, rimu iliyopasuka. Walipima mara mbili, kilo 41. Ni franka 20 500. Minervale haikutosha, lakini mukubwa wa shule alikubali kungoja.

«Ile ingine,» akawaambia, akionyesha Chevrolet, «ni mushahara. Mushahara haukatwi na burini.»

Mama alinipa delko ndani ya mufuko wa plastiki, niipeleke Kisangani kwa muzee wa Mangobo aone. Niliishika magotini safari nzima, siku mbili. Muzee ameisafisha kwa esansi na burosi ya meno. Anasema platine zimeliwa lakini mwili ni muzima, na kama watoto wakimpata kichwa cha silinda, biele atazimimina yeye mwenyewe, bado ana kijiko chake cha kuyeyushia. Safari hii ataandika. Amekwisha kuninunuza daftari la kurasa 100, na ukurasa wa kwanza ameandika: «Delko ya Basoko. Imefunguliwa leo.»

Kama katika wasomaji kuna mutu mwenye kichwa cha silinda cha mota ya Chevrolet ya zamani, ile ndogo ya silinda 6, asikitupe kwa mitrai. Aache neno kwenye gazeti.